Inua Mkono Kabla Sijakuona

Tangu Jumamosi kiatu changu cha kulia kina chokaa kwenye ncha, nami sijakifuta. Mjukuu wangu ameniuliza mara mbili kama akipige brashi. Nimemwambia akiache kama kilivyo, na macho yake yameniambia kwamba anadhani uzee umeanza kunichezea. Haya, adhani. Kiatu kiko pale mlangoni, na kila ninapopita harufu inanipanda puani, harufu ya chokaa mbichi, yenye ubaridi wa ukuta uliolowa na inayokwaruza koo kidogo. Ninyi mliokulia kambini kama mimi mnaijua vizuri. Walipaka kuta zetu, walipaka mawe ya kando ya njia, walipaka hata mashina ya miti, kila kitu cheupe na kimenyooka, na moshi wa kiwanda ukarudi kukitia weusi kabla ya mwezi kuisha.

Lakini kwangu chokaa si ukuta. Kwangu chokaa ni mstari, na huo mstari niliufahamu nikiwa na miaka minane, tisa hivi, katika shule ya wasichana ya kambi yetu ya wafanyakazi wa kiwanda, hapa hapa mjini, enzi zile mji ulipoitwa bado kwa jina la malkia wa watu wengine.

Nyuma ya shule kulikuwa na njia ndefu ya udongo wa kichuguu, uliopigwa na kupigwa mpaka ukawa mgumu na mwekundu. Mwisho wake zilisimama kiyi tisa, vipande vya mti vilivyochongwa na seremala, virefu kama mkono wa mtoto. Unaviringisha mpira wa mti, kiyi zinaanguka, unahesabiwa zilizolala. Ni hivyo tu. Mchezo huu aliuleta Masere wetu. Masista wote tuliwaita bamasere, na jina lake la kweli nitaliacha lipumzike. Alikuwa Mflamandi mrefu kutoka Ubelgiji, mwenye mikono myekundu na sauti ya kumsimamisha ng'ombe, na Kiswahili chake alikuwa amejifunza jikoni na uwanjani kama sisi. Kila Jumamosi, baada ya darasa la kushona, alikunja mikono ya kanzu yake, akachukua mkebe wenye matundu na kunyunyiza chokaa kukata njia, hatua chache kutoka mwanzo wake.

"Mupira inakwenda," alisema, "muguu inabakia."

Sheria ilikuwa hiyo. Mguu ukigusa mstari, hata kidole, hata kama mpira umekwisha kukutoka mkononi zamani, ni foti, yaani kosa. Kiyi ulizoangusha hazihesabiwi. Zinasimamishwa tena, na mpira wako umekwenda bure. Sisi tulikuwa wasichana wa kuuliza, tukamtesa. Kivuli kikipita? Kivuli si mguu. Nguo ikigusa? Nguo haina hatia. Mkono ukienda juu ya mstari bila kugusa chini? Sawa, mradi haugusi. Albertine, rafiki yangu wa nyumba ya jirani, siku moja aliteleza akalala kifudifudi juu ya mstari, mwili wote, akainuka na tumbo jeupe. Akauliza kama tumbo ni mguu. Masere mwenyewe alicheka mpaka akafuta macho.

Kudanganya ilikuwa kazi ngumu. Tulicheza bila viatu, na chokaa haifichi kitu. Ukikanyaga, kidole kinageuka cheupe, na dunia nzima inakiona. Lakini Masere hakutaka kutazama vidole vyetu. Alitaka tuseme wenyewe, kabla hajatuona.

"Ukikanyaga, inua mukono weye mwenyewe, sema foti, mbele sijakuona. Tunasimamisha kiyi, muchezo inaendelea, hakuna kasirani. Lakini nikikuona miye wa kwanza, unatoka. Mpaka wiki ingine."

Niliipenda sheria hiyo kuliko katekisimu. Katekisimu ilikuwa na moto ndani yake. Hii ilikuwa na mkono tu. Unainua mkono, unapewa bure yako, sifuri tu, na dakika ileile kila kitu kimesimama tena mahali pake kama kwamba hukukosea. Nilikuwa mtoto wa kukanyaga sana, nina miguu mirefu, na kwa hiyo nilikuwa bingwa wa kuinua mkono. Masere alinisifu mbele ya wote. Ah, nilivyovimba!

Sasa nije kwa Nkambo.

Nkambo alikuwa mama ya baba yangu. Alitoka kaskazini kwa treni, na baba alimpatia karatasi ya ruhusa kambini, kwa maana kambi yetu haikuwa mahali pa kuingia hivi hivi. Mgeni alihitaji karatasi, na karatasi ya Nkambo ilikuwa ya mwezi mmoja. Mwezi ukaisha. Baba akaomba mwingine, akakataliwa. Mwanawe wa mwisho aliyebaki kijijini alikuwa ameshakufa, na nyumba yake kule ilikuwa imebaki na yeye peke yake.

"Akirudia kule," baba alimwambia mama, "nani atamuchotea maji?"

Nkambo akabaki, bila karatasi, mwezi wa pili, wa tatu, wa nne. Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba viwili, katika mstari wa nyumba zilizofanana zote, na Nkambo aliishi katika kile cha nyuma, dirisha limefungwa mchana kutwa, pazia juu yake. Hakuruhusiwa kukohoa. Hakuruhusiwa kuimba, naye alikuwa mtu wa kuimba hata anapopepeta mchele. Chooni alikwenda alfajiri tu, amejifunika kitambaa cha mama. Alivuta tumbaku yake kwa kuigeuza, upande wa moto ndani ya kinywa, kama wamama wa kwao, na mama alimwomba hata hiyo aiache kwa sababu ya harufu. Akaiacha. Mwanamke aliyekuwa na shamba la mihogo mpaka mtoni sasa alikuwa na mkeka, ndoo na mimi.

Kazi ya kumlinda ilikuwa yangu. Shule iliisha mchana, na kutoka hapo mpaka baba arudi mlango ulifungwa na mimi nilikuwa ndani. Wenzangu walirukaruka kamba nje. Nilisikia kamba inavyopiga vumbi. Albertine alikuja kuniita mlangoni, nikamwambia ninaumwa kichwa. Siku nyingine tumbo. Nitasema ukweli, maana ndio ninaotaka kuusema: nilimpenda Nkambo na nilimchukia. Joto la chumba kile, bati linavyolia juani, harufu ya ndoo, na yule bibi anayeniuliza kila saa, "Nje kuko nini? Nielezee." Nje kuko nini! Nje kulikuwa na nje, na wote wawili tulikuwa hatuna.

Ndipo nilipomfundisha kiyi. Niliokota magunzi tisa ya mahindi, nikayasimamisha ukutani. Mpira niliufunga kwa vitambaa, maana hapakutakiwa kelele. Chokaa niliiba kidogo kidogo shuleni, ndani ya kopo la dagaa, nikachora mstari kwenye sementi. Mchezo wa bubu. Magunzi yanaanguka, puu, na sisi tunaziba vinywa tusicheke.

Nkambo alikuwa hodari, jamani! Mkono wake ulikuwa umerusha mawe kwa ndege wa shambani miaka mingi. Lakini mstari hakuutaka hata kuusikia. Alitupa, akaufuata mpira wake kama anayemsindikiza mgeni, hatua mbili nzima, na kidole chake kikubwa cheupe pee.

"Foti, Nkambo! Inua mukono!"

"Juu ya nini?"

"Ulipita mustari."

"Mustari iko wapi? Miye naona tu unga ile ulimwanga. Ee, mutoto! Ile muguu njo ilitembea toka kwetu mpaka kwa treni, leo unaifunga na unga?"

"Lakini kidole iko mweupe!"

"Iko mweupe juu niko muzungu," alisema, akajihesabia magunzi yote saba. Hakuinua mkono hata siku moja. Nilikasirika mpaka machozi. Alifikiri ninalilia magunzi, akanipa matatu ya kwake.

Nje ya nyumba yetu mtu mmoja tu alijua. Ni Mama Filo, mama ya Albertine, tuliyepakana naye ukuta. Ukuta wa kambi hauzibi kikohozi. Alisikia wiki ya kwanza, akaja na bakuli la sombe, majani ya muhogo, akamwambia mama, "Hii ni ya ule hayuko." Basi. Tangu siku hiyo alileta sombe, alifua vitambaa vya Nkambo pamoja na vyake ili visionekane kwenye kamba yetu, na hata Albertine hakumwambia.

Jumatatu moja kapita wa kambi, msimamizi wetu, alipita akitangaza. Ijumaa wangepita nyumba kwa nyumba kuangalia karatasi. Mtu atakayekutwa hana karatasi anatoka, na aliyemficha atajibu mbele ya mkubwa wa kambi. Wazazi wangu walinong'ona jikoni. Mama alilia. Mimi sikulala, maana nilielewa jambo moja ambalo wao, niliona, hawakulielewa. Wao walitaka Nkambo asionekane. Lakini Masere daima anaona! Siku ukijificha ndiyo siku anakuona, na ukionwa, unatoka. Na huku njia ilikuwepo, rahisi, watu wakubwa hawaijui kwa sababu hawajacheza kiyi. Tuseme wenyewe, mbele hawajamwona. Tutapewa bure yetu. Karatasi itasimamishwa tena, na mchezo utaendelea.

Na mlango ungefunguliwa. Hilo pia nililifikiri. Ningetoka kuruka kamba.

Jumatano, nikitoka shuleni, nilikwenda kwenye ofisi ya kambi. Karani alikaa nyuma ya dirisha dogo, mtu wa miwani, kalamu sikioni. Nilisimama juu ya vidole ili anione, nikainua mkono.

"Nini, mutoto? Posho ni kesho."

"Foti," nikasema.

"Foti gani?"

"Ya nkambo yangu. Karatasi yake iliisha na hakusema. Miye namusemea, mbele hamujamuona."

Akachukua kalamu sikioni, lakini hakuandika. "Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Baba anajua?"

"Hapana. Iko kazini."

"Nyumba namba ngapi?"

Nikamtajia kwa pumzi moja, pamoja na namba ya kazi ya baba, kama tulivyofundishwa kusema tukipotea. Sasa akaandika. Nikamwuliza kama watasimamisha kiyi leo au kesho. Alinitazama bila kuelewa, akasema, "Umefanya muzuri. Rudia kwenu." Hivyo ndivyo alivyosema, nimefanya muzuri, na nilirudi nikikimbia njia nzima. Sijawahi kukimbia hivyo tena maishani mwangu.

Mama alikuwa kwenye robine, mfereji wa kambi, akifua. Nilimkuta Nkambo ameketi juu ya mkeka, mikono mitupu. Nikamwambia, "Nkambo, leo tunacheza mpaka unachoka." Nilichora mstari mpya, mnene, nikamimina chokaa yote iliyobaki kwenye kopo. Tulicheza. Nilikuwa na furaha mpaka nilisahau kunong'ona, naye akanizibia kinywa kwa mkono wake. Akatupa, akaangusha magunzi manane, akaufuata mpira hatua zake mbili, na bado alikuwa amesimama ng'ambo ya mstari akicheka kimya pale mlango ulipofunguliwa bila hodi.

Kapita alitangulia. Nyuma yake polisi wa kambi, kijana mwenye fimbo chini ya kwapa. Kapita akatazama magunzi, akamtazama Nkambo, akatazama miguu yake.

Nami nikaona kwamba bado kuna nafasi! Alikuwa hajasema kitu. Nikapiga kelele, sauti yote niliyokuwa nimeifungia miezi minne, "Inua mukono, Nkambo! Sema foti! Sema mbele haja—"

Nkambo alinigeukia. Alinitazama mimi, hakumtazama kapita wala polisi. Tabasamu lilikuwa bado halijamtoka usoni, likakaa pale bila kazi. Kisha bibi yule ambaye hakuwahi kukubali kosa moja la mchezo aliinua mkono wake wa kulia, taratibu, mpaka juu ya kichwa.

"Foti," akasema.

Nilingoja wasimamishe magunzi. Ndiyo, nilingoja. Polisi aliyapita akayaponda kwa kiatu, akaingia chumba cha nyuma na kutoka na kifurushi cha Nkambo. Nikamwambia kapita, "Lakini alisema mwenyewe." Kapita akanijibu kwa upole, "Njo muzuri, hatutamufunga. Atarudia kwao tu." Wakatoka naye. Mlango waliuacha wazi, na jua likaingia mpaka ukutani. Hakuna aliyenizuia kutoka. Nikakaa chini.

Baba, akiwa bado na nguo zake za kazi, alimkuta ofisini. Alichoruhusiwa ni kumbebea kifurushi mpaka kituoni. Kesho yake, treni ilipokwisha kuondoka, aliketi kwenye kiti chake na kutazama sakafu. Pale ng'ambo ya mstari wangu kulikuwa na alama ya mguu wa Nkambo, nyeupe, vidole vitano vyote. Mama alikuwa amefagia nyumba akaizunguka alama hiyo.

"Nani?" baba akauliza. "Nani njo alisema?"

Mama akajibu polepole kwamba mtu mmoja tu alijua. Na mtu huyo, akasema, alijua hata shauri la Ijumaa. Hapo ndipo nilipolisikia shauri hilo kwa mara ya kwanza. Mama Filo mwenyewe alikuwa ameahidi kwamba wakaguzi wakianza kwetu, Nkambo atapitia nyuma akae jikoni kwake, na wakiingia kwake, arudi kwetu. Ukuta mmoja, hatua nne. Ingewezekana kabisa.

Jioni ileile Mama Filo alikuja akilia, mikononi ana kitambaa cha Nkambo alichokuwa amekifua, kimekunjwa vizuri. Baba akasimama mlangoni.

"Mama Filo, kwangu usiingie tena."

"Juu ya nini, Baba Ngoie?"

"Unajua."

"Sijui. Niambie. Kwa foti gani?"

Ngoie ni mimi. Nilikuwa nyuma ya pazia. Mkono wangu ulianza kupanda, nawaapieni, ulifika hapa, kwenye bega. Baba akamfungia mlango usoni. Sikuwahi kumwona akimfungia mtu mlango. Mkono ukashuka. Nikajiambia nitasema Jumapili, baada ya sikukuu ya shule, hasira ikiwa imepoa. Jumapili nitasema mwenyewe, mbele hajaniona.

Jumapili ikafika. Uwanja umefagiwa, karatasi za rangi zimetundikwa, wazazi wamevaa vya kanisani. Mkubwa wa kambi, Mzungu mnene mwenye suti nyeupe na viatu vyeusi vinavyong'aa, alialikwa kutupa mpira wa kwanza. Ni yeye aliyeweka sahihi karatasi ya treni ya Nkambo. Masere alinyunyiza mstari kwa mkono wake, mnyoofu kuliko siku zote. Tulisimama kando, Albertine mwisho mmoja na mimi mwisho mwingine, kwa sababu alikuwa amekatazwa kunisemesha, nami nimekatazwa kumsemesha.

Mkubwa akavua kofia. Akakimbia kidogo, akatupa, na uzito wake ukamvuta mbele. Mguu wa kushoto ukaja chini katikati ya chokaa, paa! Halafu na wa kulia ng'ambo yake kabisa. Kiyi zote zikaanguka. Alisimama huku ncha ya kiatu chake cheusi imegeuka nyeupe, na hapakuwa na mtoto hata mmoja pale asiyeiona.

Tukangoja ainue mkono.

Hakuinua. Alikuwa anacheka, anafuta jasho. Nikamtazama Masere. Masere alikitazama kile kiatu, nilimwona akikitazama, uso wake ukawa mwekundu kama mikono yake. Kisha akatazama juu, mahali moshi wa bomba unapopita, na akaita kwa ile sauti yake kubwa:

"Neuf!"

Zote tisa. Watu wakapiga makofi. Masere akachukua mkebe akaja kunyunyiza mstari upya, pale palipochafuka, na alipofika mbele yangu macho yetu yakakutana. "Piga makofi, Ngoie," alisema kwa sauti ya chini. Sauti yake ilikuwa karibu ya kuomba.

Nikapiga. Na nikiwa ninapiga, nilielewa sheria yote, kwa mara ya kwanza, sawasawa. Foti ni ile iliyosemwa. Isiposemwa, kiyi zimeanguka na watu wanashangilia. Nkambo aliijua sheria hiyo muda wote. Aliinua mkono mara moja tu, kwa ajili yangu, na mara hiyo moja ikamtoa. Nilirudi nyumbani nyuma ya baba na sikusema kitu. Sikusema Jumapili ile, wala iliyofuata.

Mvua zilipoanza ikaja barua ya katekista wa kijijini. Baba aliisoma amesimama. Nkambo alikutwa kwenye njia ya mtoni, mtungi umelala kando yake, bado mtupu. Alikuwa anakwenda kujichotea maji. Baba aliikunja barua mara nyingi mpaka ikawa ndogo ya kuingia kwenye kiganja, na mimi nilitoka nikatapika nyuma ya nyumba, karibu na dirisha la Mama Filo. Alinisikia. Akatoa mkono dirishani na kikombe cha maji. Nikanywa.

Mnataka kujua Mama Filo aliishije? Aliishi vibaya. Kambi nzima ilisadiki. Akija kwenye robine, wamama wanabadilisha maneno. Akipika, hakuna anayeonja. Hakuna aliyemwachia tena mtoto wala siri. Wazazi wangu walikufa wakimwita kwa jina ambalo sitalitaja, na mimi nilikuwa binti yao mwema. Nilikua, nikaolewa, nikazaa, nikazika mume. Mara mbili nilifunga safari kwenda kwake, kutoka mtaa mmoja kwenda mwingine tu, na mara zote mbili niliuliza habari za magoti yake, nikanywa chai na kurudi. Mara ya pili alinishika mkono wakati wa kuagana. "Weye njo peke yako wa kwenu unakujaka kunisalimia," alisema. Mungu wangu.

Mama Filo akafa kabla ya mvua hizi. Jumamosi Albertine alikuwa anamaliza kilio cha mama yake. Tulikuwa wamama wengi uani, wengine kwenye masufuria, wengine wakisaidia kupaka ukuta chokaa mpya, kwa sababu nyumba ya marehemu haiachwi chafu. Ndoo ilikuwa imemwagika kidogo kwenye kizingiti cha geti, mstari mweupe, nami nilikuwa nimeupita nikiingia bila kuuona. Niliketi kwenye mkeka. Harufu ikanijia. Nikatazama chini, nikaona ncha ya kiatu changu.

Nikainua mkono. Mwanamke mzee, na kitambaa chake kichwani, ameinua mkono kama mtoto wa shule. Albertine akafikiri ninaomba maji, akaniletea kikombe.

"Hapana," nikasema. "Foti."

Nikasema yote. Ofisi, karani, namba ya nyumba, Nkambo na mkono wake. Nikasema kwamba mama yake hakufungua kinywa hata siku moja. Nikasema nilikuwa nyuma ya pazia siku ile alipouliza kwa foti gani, na kwamba jibu lilikuwa langu.

Albertine alisimama mbele yangu na kile kikombe mkononi. Ana uso wa mama yake.

"Unasema mbele hatujakuona," akaniuliza, "ao nyuma?"

"Nyuma," nikasema. "Nilichelewa."

"Mwenye kuchelewa, Masere alikuwaka anamufanya nini?"

"Anatoka."

"Basi toka."

Niliinuka. Magoti yangu si ya zamani, na hakuna aliyenipa mkono. Nikavuka ua wote huo, nikafika getini, penye ule mstari mweupe uliomwagika. Nyuma yangu nikasikia kikombe kinawekwa chini.

"Ngoie!"

Sikugeuka. Niliogopa.

"Mpaka wiki ingine," akasema Albertine.

Leo ni Alhamisi. Sijatoka nyumbani tangu siku ile, nazunguka humu ndani na kuuliza saa, na mjukuu wangu amekwisha kuchoka nami. Zimebaki siku mbili.